HELB, basari au sacco: pesa ipi ilipe karo ya chuo cha ufundi?

Wiki ya kusajili wanafunzi wapya, foleni ya dirisha langu huanza saa moja unusu asubuhi. Mimi ni karani wa fedha katika chuo cha kiufundi cha umma huku Pwani ya Kenya, na swali ninaloulizwa zaidi huulizwa kwa sauti ya chini, ili walio nyuma wasisikie: "Madam, nichukue HELB ama niwachane nayo?"

HELB ni bodi ya serikali inayokopesha wanafunzi. Anayeuliza hivyo huwa ameshatishwa nyumbani. Kuna mjomba aliyesoma chuo kikuu zamani, akadaiwa hadi akawekwa CRB, kwenye orodha ya walioshindwa kulipa mikopo. Kuna nyanya aliyemwambia kukopa harusi, kulipa matanga. Halafu yupo kijana wa aina nyingine, ambaye haulizi kitu kabisa. Huyo amejaza fomu kwa sababu wenzake wa hosteli wamejaza, na pesa zikiingia kwenye simu yake huziita "pesa za serikali". Nikipewa nichague wa kumhurumia, ni huyo wa pili.

Mwanafunzi wa chuo cha ufundi ana milango kadhaa ya kupata karo: mkopo wa HELB, basari ya eneo bunge au kaunti, mkopo wa mzazi kutoka sacco (ushirika wa kuweka akiba na kukopa) au chama cha kukopeshana, au kuruka chuo kwa sasa na kujifunzia kazi kwa fundi. Kila mmoja nimeuona ukifaa mtu na ukimwumiza mwingine. Watu wengi huilinganisha kwa riba. Mimi nimejifunza kuanza na swali jingine: nani atalipa, na ataanza mwezi gani?

Karo ni ngapi hasa

Mwaka 2018 serikali iliweka karo ya vyuo vya kiufundi vya umma kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka. Kati ya hizo, 30,000 zilikuwa ruzuku inayolipwa moja kwa moja chuoni kwa kila mwanafunzi, na zilizobaki, 26,420, zikawa za mwanafunzi. Hapo ndipo mkopo wa HELB wa 40,000 ulipoingia: 26,420 zinakuja chuoni, na 13,580 zinaenda kwa mwanafunzi mwenyewe kwa matumizi. Wanafunzi wengi waliopita dirishani kwangu walisoma kwa mpango huo, na hesabu zangu humu nitazipiga kwa hizo 40,000 kwa sababu ni rahisi kushika.

Mei 2023 Rais Ruto alitangaza mfumo mpya. Badala ya kila mtu kupewa ruzuku sawa, familia zinapimwa uwezo, kisha gharama inagawanywa kati ya ufadhili usiolipwa, mkopo na mchango wa nyumbani. Kwa vyuo vya ufundi, ulivyotangazwa, mwanafunzi wa familia isiyo na kitu angepata ufadhili hadi asilimia 80 na mkopo asilimia 20. Mhitaji wa kawaida angepata ufadhili nusu, mkopo asilimia 30, na nyumbani watoe asilimia 20. Anayeonekana kujiweza, mkopo wake unakuwa mkubwa kuliko ufadhili. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka Katiba, na Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikasimamisha uamuzi huo, kwa hiyo mambo yakaendelea.

Kinachokuhusu wewe hapo ni kimoja. Barua yako itakuwa na mafungu, na fungu la ufadhili si fungu la mkopo. Nimeona wazazi wakijumlisha yote mawili na kusema "serikali imelipa elfu fulani". Chukua kalamu, piga mstari chini ya fungu la mkopo peke yake. Hilo ndilo deni.

HELB: pesa rahisi yenye faini nzito

Tuanze na sifa zake, maana anazo. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka. Hakuna benki, sacco wala chama kitakachokukopesha kwa bei hiyo ukiwa na miaka kumi na tisa, bila kazi, bila shamba la kuweka rehani. Unahitaji kitambulisho, barua ya kuitwa chuoni, laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, na wadhamini wawili. Kabla fomu haijakubaliwa utapitishwa kwenye somo fupi la mambo ya fedha mtandaoni, ambalo karibu kila mwanafunzi hulibofya hadi mwisho bila kusoma. Kulipa kunaanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo.

Sasa tupige hesabu. Tuseme umesoma diploma ya miaka mitatu, ukachukua 40,000 kila mwaka, na siku unayoanza kulipa unadaiwa 120,000. Ukilipa kwa miaka mitano, kwa riba ya asilimia 4 inayopungua pamoja na deni, ni kama 2,210 kwa mwezi. Kwa fundi bomba au fundi umeme mwenye kazi hata za kubahatisha, hiyo ni kazi ya siku mbili tatu.

Ukinyamaza, faini ni shilingi 5,000 kwa kila mwezi usiolipa.

Irudie hiyo polepole. Malipo ya mwezi ni 2,210, na adhabu ya kutolipa ni 5,000. Kwa aliyesoma kozi ya mwaka mmoja na kukopa 40,000 tu, miezi minane ya kunyamaza inazaa faini inayolingana na deni lote alilokopa. Mjomba wa CRB hakumalizwa na asilimia 4. Alimalizwa na ile miaka ambayo alikuwa anasubiri "apate kazi nzuri kwanza".

HELB yenyewe hutangaza mara kwa mara msamaha wa faini kwa anayelipa deni lake lote kwa mkupuo, na wengi hungoja tangazo hilo kama wanavyongoja mvua. Sikushauri. Msamaha humfaa mwenye mkupuo, na mwenye mkupuo mara nyingi ni yule ambaye angeweza kulipa kidogo kidogo tangu mwanzo. Asiye na kazi afadhali aende kwenye dawati la HELB pale Huduma Centre ya kaunti yake, aseme hali yake, aandikishe hata kiasi kidogo.

Aliyeajiriwa hana ujanja, kwani mwajiri anakata kwenye mshahara. Anayejiajiri, na wahitimu wetu wengi hujiajiri, analipa mwenyewe kwa M-Pesa, Paybill 200800. Hapa mafundi hujidanganya. Huona hakuna anayewakata, wakadhani hakuna anayewaona. Siku ya kuomba kazi kaunti au serikalini, miongoni mwa karatasi zinazotakiwa ni cheti cha HELB cha kuonyesha hudaiwi au unalipa ipasavyo. Kijana mmoja aliyesomea ufundi wa magari alikuja kwangu akiwa na barua ya kuitwa kwenye mahojiano keshokutwa yake. Alitaka chuo kimwandikie kwamba "alisahau". Chuo hakiwezi kuandika barua kama hiyo.

Jambo jingine wasiloambiwa: mkopo huu huombwa upya kila mwaka. Kuchukua mwaka wa kwanza hakukulazimishi kuchukua wa pili. Kama mama ameuza mbuzi, au basari imeingia, au umepata kazi wakati wa likizo, ruka mwaka. Kwa miaka yote niliyokaa dirishani nimemwona mmoja tu akifanya hivyo kwa kupanga.

Kuhusu zile 13,580

Ukizigawa kwa miezi tisa ya masomo ni kama shilingi 1,500 kwa mwezi. Chumba cha mabati karibu na chuo chetu ni 2,000, kwa hiyo pesa hizo zote hazitoshi kodi ya miezi saba, na bado hujala. Anayechukua HELB akidhani atajikimu nayo anajidanganya, na akigundua hivyo huwa muhula uko katikati na anakuja kuniuliza kama karo inaweza "kurudishwa kidogo".

Kwa hiyo mimi huwaambia wasizione kama pesa za chakula. Wazione kama pesa za vifaa. Msichana mmoja wa darasa la ushonaji alinunua cherehani ya mitumba kwa 9,500, akaiweka chumbani, akaanza kupunguza suruali na kubadilisha zipu za wenzake wa hosteli. Wenzake wawili wa darasa hilo hilo walinunua simu. Sina ubaya na simu, lakini simu haikupunguza suruali ya mtu.

Basari: ya bure, ila haina saa

Kama unaweza kupata basari, ichukue kwanza. Hailipwi. Hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, NG-CDF, hutenga sehemu kubwa ya pesa zake kwa karo, na kaunti nazo huwa na basari zake kupitia wadi. Fomu ni ya karatasi, inapigwa muhuri na chifu, na kwa mwanafunzi wa chuo kilichoidhinishwa, kwa ninayoyaona mimi, mara nyingi ni kati ya 5,000 na 10,000.

Ubaya wake si kiasi. Ubaya wake ni kwamba haijui tarehe ya mtihani. Cheki inakuja mara moja kwa mwaka, pengine wakati umeshazuiwa kuingia darasani. Tena inakuja moja kwa wanafunzi wengi, ikiwa na orodha iliyobanwa nyuma. Nitakueleza kinachotokea, kwa sababu hakuna mwingine atakayekueleza. Cheki ya wanafunzi arobaini inafika mezani kwangu. Kwenye orodha kuna jina moja la kwanza na la baba, bila namba ya usajili. Chuoni nina wanafunzi watatu wenye majina hayo. Pesa zinakaa kwenye akaunti ya kusubiri mpaka mwenyewe aje na nakala ya fomu. Wengine hawaji, kwa kuwa hawakujua kwamba walipewa. Kwa hiyo andika namba yako ya usajili kwenye fomu, na ikiwa hujaipata, rudi ofisini kwao ukishaipata. Piga picha fomu yako ikiwa imejazwa. Ndio mambo madogo yanayoamua.

Basari za kaunti zilipata msukosuko mwanzoni mwa 2025, Mdhibiti wa Bajeti alipotaka kaunti zisizitoe bila makubaliano rasmi na serikali kuu, kwa hoja kwamba elimu inayozidi chekechea na vituo vya ufundi vya kaunti si kazi yao. Ukiweka matumaini yote kwenye wadi, unaweka matumaini kwenye mvutano wa wakubwa.

Kwa hiyo basari haiwezi kuwa mpango mzima. Ni ya kupunguza mkopo. Kosa ninaloliona ni mtu kupata vyote viwili, HELB kamili na basari, kisha akaunti yake chuoni inakuwa na ziada ya elfu saba anayotaka arudishiwe mkononi. Ziada hiyo ni deni lako mwenyewe unalokuja kulichukua. Iache isogee muhula ujao, uombe kidogo au usiombe kabisa.

Sacco ya mzazi, na hapa nitawashangaza

Karibu kila mtu anaamini kwamba mkopo wa sacco ni ghali kuliko HELB. Kwa asilimia, ndiyo. Saccos nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, yaani 12 kwa mwaka, dhidi ya 4 ya HELB.

Lakini piga hesabu kwa shilingi. Mzazi akikopa 40,000 sacco kwa miezi kumi na miwili, analipa kama 3,550 kwa mwezi, na riba yote ni karibu 2,650. Deni hilo hilo lingelipwa kwa riba ya HELB kwa miezi hiyo hiyo, riba ingekuwa kama 870. Tofauti ni shilingi 1,780 hivi. Haifiki hata nusu ya faini ya HELB ya mwezi mmoja.

Ndiyo maana mwalimu wa shule ya msingi, askari au muuguzi mwenye hisa kwenye sacco, anayekatwa kwenye mshahara na mwenye uhakika wa kulipa, humwambia mwanawe asikope HELB, na mimi nikiulizwa simpingi. Saccos kwa kawaida hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako. Mwenye akiba ya 20,000 anaweza kupata 60,000, na karo ya muhula inalipwa siku ya kwanza. Mwanafunzi wake hajui kuzuiwa langoni ni nini.

Ila sacco inadai vitu viwili ambavyo familia nyingi hazina: mshahara wa kila mwezi na wadhamini ambao hawajachoshwa. Na inaanza kulipwa mwezi ujao, si baada ya miaka. Mvuvi, mama muuza mahamri au mkulima wa mnazi anayepata pesa kwa misimu akijifunga 3,550 kila mwezi, mwezi wa tatu atakuwa anaomba mdhamini amwokoe. Huyo HELB inamfaa kabisa, kwa sababu inamwondolea mzigo kipindi ambacho hana, na kumkabidhi mtoto siku atakapokuwa na mikono ya kufanya kazi.

Chama cha kina mama ni habari nyingine. Vyama vingi vya kukopeshana hutoza asilimia 10 kwa mwezi. Kwa 40,000 ni riba ya 4,000 mwezi wa kwanza peke yake. Ni pesa ya kuziba pengo la wiki tatu, kwa mfano mtihani uko kesho na HELB bado haijafika. Si pesa ya kusomea.

Na mkopo wa simu usiutaje. Hata Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, mkopo wake wa mtu binafsi hulipwa ndani ya siku 14. Hakuna kozi ya siku 14.

Kwa wanaopenda kuona mambo yakiwa yamepangwa pamoja, hii hapa 40,000 moja kwa milango tofauti:

| Pesa | Gharama | Nani analipa | Inaanza kulipwa |
|---|---|---|---|
| HELB | 4% kwa mwaka. Faini 5,000 kwa mwezi ukinyamaza | Mwanafunzi | Mwaka mmoja baada ya kumaliza |
| Basari | Hakuna | Hakuna | Hailipwi |
| Sacco | Kama 12% kwa mwaka | Mzazi | Mwezi ujao |
| Chama | Mara nyingi 10% kwa mwezi | Mzazi | Mwezi huu |

Jirani wa kusini wanafanyaje

Nina wajomba Tanga, na kila tukikutana msibani tunabishana kuhusu hili. Tanzania, Bodi ya Mikopo, HESLB, ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/2024, na si kila kozi. Waliweka kipaumbele kwa afya, ualimu wa sayansi, usafiri na usafirishaji, nishati, madini, kilimo na ufugaji. Anayesomea ushonaji VETA, vyuo vyao vya ufundi stadi vya serikali, hayumo, lakini ada ya VETA yenyewe imekuwa 60,000 za Tanzania kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, ambayo ukiibadilisha kwa shilingi yetu utacheka. Wao wamelipa gharama mwanzoni, kwa kodi na tozo ya waajiri. Sisi tumeisukuma mbele, kwa mkopo.

Kinachonifurahisha kwao ni namna ya kurejesha. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo mwenye mshahara mdogo anakatwa kidogo. Mwaka 2021 wakaondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya deni, na ile adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Sisi bado tuna 5,000 zetu, sawa kwa daktari na sawa kwa kinyozi. Mjomba hunikumbusha kwamba 15 ni nyingi pia, muulize mwalimu anayeanza kazi. Hapo mimi hunyamaza na kumwongezea chai.

Kabla ya kukopa chochote, punguza kozi

Hili ningeliweka mwanzoni, ila watu hawalisikii mpaka waone hesabu. Njia nafuu ya kupunguza deni la chuo cha ufundi ni kuanza na ngazi fupi.

Mwenye C- ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, anaweza kuingia diploma. Mwenye D anaingia cheti cha ufundi stadi, na chini ya hapo kuna ngazi ya fundi wa kawaida. Wenye C- wote hukimbilia diploma, kwa sababu neno lenyewe ni tamu. Lakini mwenye C- anayetaka kuchomelea vyuma anaweza kusoma kozi ya mwaka mmoja, akakopa 40,000 badala ya 120,000, akafanya kazi miaka miwili, kisha akarudi kwa diploma akiwa na pesa zake. Mafunzo ya sasa yamepangwa kwa ngazi na vipande, hivyo kurudi si aibu wala si kuanza upya. Deni la 40,000 kwa miaka miwili ni kama 1,740 kwa mwezi. Kijana wa kuchomelea huipata kwa geti moja dogo.

Wapo pia ambao ningewaambia wasije kwetu bado. Kama kuna fundi mzuri wa useremala, gari au saluni karibu na nyumbani, aliye tayari kukufundisha, kaa naye mwaka. Ukishashika kazi, nenda ukafanye mtihani wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, gredi ya tatu, uende ukipanda hadi ya kwanza. Utalipa ada ya mtihani tu. Chuo changu hakitapenda kusikia nimesema hivi, lakini nimewaona wengi waliokopa kuja kujifunza jinsi ya kushika randa, kitu ambacho baba mdogo angewafundisha.

Njia hiyo haifai kila fani. Umeme una leseni za EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, na huko karatasi yako huulizwa kabla ya mikono yako. Afya ndiyo kabisa, huwezi kujifunzia uuguzi kibarazani. Kozi za mitambo mikubwa, majokofu ya viwandani, upimaji ardhi, hizo zinahitaji karakana ambayo fundi wa mtaani hana. Kwa hizo, kama mzazi hana sacco, kopa HELB bila woga.

Basi wewe uko wapi?

Mtoto wa mwalimu, kozi ya mwaka mmoja: sacco, na HELB aiache. Yatima anayelelewa na nyanya, kozi ya umeme miaka mitatu: HELB yote anayoweza, ufadhili wote alioandikiwa, na fomu ya basari kila mwaka. Aliye katikati, ambaye mzazi ana biashara ndogo inayopanda na kushuka, ndiye mgumu. Huyo mimi humwambia achukue HELB mwaka wa kwanza, biashara ilipe mahitaji ya kila siku, na mwaka wa pili tukae tena hapa dirishani tuangalie kitabu.

Na wote watatu nawapa kazi moja. Andika jumla ya mkopo wako mahali utakapoiona. Si kwenye simu, simu hupotea. Yule msichana wa cherehani aliandika ndani ya kifuniko cha mashine, kwa chaki ya kukatia nguo: 40,000. Muhula wa tatu alikuja dirishani, nikadhani anadai kurudishiwa karo. Alitaka namba ya Paybill. Nikamwambia kulipa hakujaanza, ana zaidi ya mwaka mzima.

"Najua, madam," akasema. "Nipe tu. Juzi nimeshona sare za harusi."

Akaiandika kiganjani, akaondoka kabla hajapoteza foleni ya chakula.